Sura ya Nne: Kabla ya Cheti cha Kwanza

Ukivuka Makupa kutoka kisiwa cha Mombasa, mahali pa kwanza kukanyaga bara ni Kibarani. Upande mmoja una maji ya Tudor, upande wa pili yale yanayotoka Kilindini, na katikati yake vimebanana barabara ya Nairobi, njia ya reli na foleni ya malori ya bandarini. Kwa miaka mingi palijulikana kwa jalala lake. Abiria wa matatu walifunga madirisha kabla hata ya kufika, na moshi ulikuwa hauishi. Mwaka 2018 taka zikaanza kupelekwa Mwakirunge, udongo ukamwagwa juu ya zile za zamani, ikapandwa miti.

Palipogeuka kuwa pazuri, swali la zamani likaamka: ardhi hii ni ya nani? Nyuma yake kuna swali lingine lililo gumu zaidi, nalo ndilo la sura hii: ilikuwa ya nani kabla ya kuandikwa kuwa ya yeyote?

Nimekutana na watu wengi wa Mombasa wenye sanduku la bibi. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imekatika, maandishi ni ya Kiarabu na wino umegeuka rangi ya chai. Mwenye sanduku anajua jambo moja tu, kwamba ile ni "hati ya shamba letu la Changamwe" au "la Kisauni" au "la Likoni". Huipeleka kwa wakili, naye huangalia, hutikisa kichwa na kuuliza kama kuna nambari. Nambari hakuna. Hapo wengi hukata tamaa na karatasi inarudi sandukuni. Nataka kukushawishi usiirudishe bado.

Njia ya kumtafuta mwenye ardhi wa zamani ni kurudi nyuma hatua kwa hatua, ukianzia na unachokijua leo. Ardhi ya Mombasa imegawanywa kwa sehemu, na kila sehemu ina herufi zake: MI ni kisiwani, MN ni bara ya kaskazini, MS ni bara ya kusini. Kiwanja cha upande wa Changamwe utakikuta chini ya VI/MN, na hati yake ikiwa ya mtindo wa zamani ina nambari inayoanza na CR, yaani rejista ya Pwani. Ukiwa na nambari hiyo unaweza kuomba masjala ya ardhi ikupekulie rejista, na utapata orodha ya waliouziana, waliorithi na walioweka rehani, mmoja baada ya mwingine. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilifuta sheria kadhaa za zamani na kuweka mfumo mmoja, lakini haikufuta kilichokwisha kuandikwa chini ya hizo za zamani. Fuata orodha hiyo hadi jina la kwanza kabisa, na mara nyingi utafika kwenye cheti cha umiliki kilichotolewa baada ya mwaka 1908.

Hapo ndipo watu husimama na kusema, "Kumbe mwenyewe wa kwanza ni huyu." Siye. Huyu ni wa kwanza kuandikwa na serikali ya Waingereza, na kati ya mambo hayo mawili kuna historia nzima ya Mwambao.

Mwezi Desemba 1895 Sultani wa Zanzibar, Hamed bin Thuwaini, alitia saini mkataba wa kuwakabidhi Waingereza uendeshaji wa ukanda wake wa maili kumi kutoka baharini. Ardhi ya umma ilipita mikononi mwao. Mali za watu binafsi ziliachwa kwa wenyewe. Kwenye karatasi jambo lilikuwa wazi. Lakini ardhi ipi ilikuwa ya umma na ipi ilikuwa ya mtu? Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa kutoka Kilindini, ikapita Makupa na kupanda Changamwe, na sheria ya Kihindi ya 1894 ya kutwaa ardhi ikaletwa huku kwa kazi hiyo. Bei ya ardhi karibu na bandari ikapanda. Wanunuzi wakaja na fedha mkononi, na waliowauzia hawakuwa wote na ruhusa ya wenzao. Kipande kimoja kiliweza kuuzwa mara mbili, na wauzaji wawili wasiofahamiana.

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitungwa ili kumaliza mkorogano huo. Ilivyofanya kazi ilikuwa hivi. Serikali ilitangaza eneo. Tangu siku ya tangazo, kila mwenye kudai ardhi ndani yake alikuwa na miezi sita kupeleka dai lake kwa afisa aliyeitwa Mrekodi wa Hati. Aliyedai aliitwa, majirani wakaitwa, mashahidi wakasikilizwa, mpaka ukapimwa. Akikubaliwa alipewa cheti. Vyeti vilikuwa vya aina tatu: cha umiliki, cha rehani, na cha maslahi, hiki cha mwisho kikiwa cha mtu mwenye haki fulani juu ya ardhi isiyo yake. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Haisemi kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Taji, inasema isiyodaiwa. Aliyekuwa safarini na jahazi, aliyekuwa hajui kusoma tangazo, mjane aliyekuwa akikaa eda, kijiji kilichoamini kwamba ardhi ni ya wote na haina haja ya kudaiwa na mmoja, wote hao walinyamaza, na kunyamaza kwao kukaandikwa kuwa hawakuwa na kitu.

Weka pia tarehe mbili kando kwa kando. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907. Sheria ya hati ilikuja 1908. Watu waliofyeka vichaka vya bara, wakapanda minazi na miembe na kuivuna kwa ajili ya wengine, walipata uhuru wao, na mwaka mmoja baadaye wakaulizwa karatasi. Waliokuwa na karatasi ni waliowamiliki. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyesoma daftari za ardhi za Mombasa na Malindi, alikiita kitabu chake cha mwaka 1980 *From Slaves to Squatters*, na jina hilo linataja njia yote: kutoka mtumwa hadi skwota. Familia ambazo leo zinaitwa maskwota katika mashamba ya bara huenda zilikuwa kwenye ardhi hiyo kabla cheti hakijafikiriwa.

Mataifa ya Waswahili wa Mombasa nayo yalikuwa na namna yao ya kumiliki. Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa kwa upande wao, walikuwa na ardhi za bara walizozijua kwa milango, yaani koo zao, na kwa wazee wao. Mchangamwe hakuhitaji karatasi kumthibitishia kwamba Changamwe ni kwao. Jina lake lilikuwa hati. Sheria ya 1908 ilielewa zaidi lugha ya mtu mmoja, kipande kimoja, mpaka mmoja. Kwa hiyo ukimkuta mtu mmoja kwenye cheti, usidhani daima kwamba alikuwa akidai vyake peke yake. Huenda alitangulizwa na jamaa, na jamaa wakafutika siku cheti kilipoandikwa jina lake.

Ndiyo maana nasema cheti ni mlango tu, na kazi yenyewe iko ndani. Jambo la kwanza la kuuliza ni jalada la dai. Kila cheti kilitokana na dai, na dai lilikuwa na maelezo: nimeirithi kwa fulani, nimeinunua kwa fulani, baba yangu alilima hapa, mashahidi wangu ni hawa. Madai ya wapinzani yaliyoshindwa nayo yalisikilizwa. Kwa anayetafuta chimbuko, dai lililoshindwa lina thamani sawa na lililoshinda, kwa kuwa mara nyingi ndilo linalotaja watu ambao cheti hakiwataji. Nyuma ya madai kuna daftari za kuandikishia mikataba, zinazorudi hadi miaka ya 1890, ambamo mauzo na rehani ziliingizwa siku zilipofanywa. Na nyuma ya daftari kuna karatasi ya kadhi, ile ya sanduku la bibi.

Sasa ifunue hiyo karatasi mezani, taratibu, usinyooshe mikunjo kwa nguvu.

Maandishi ni ya Kiarabu, ingawa lugha inaweza kuwa Kiarabu au Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo. Juu kuna bismillahi. Halafu anatajwa muuzaji, mnunuzi, kitu kilichouzwa, bei, mipaka, mashahidi, tarehe, na sahihi ya kadhi. Nambari ya kiwanja hutaiona kwa sababu haikuwapo. Ardhi ilielezwa kwa majirani wake wa pande nne, na maneno ya pande hizo ndiyo yanayowapotosha wasomaji wa leo. Mipaka ya hati ya aina hii huenda hivi: kibla, shamba la fulani bin fulani, suheli, njia iendayo kisimani, matlai, mwembe mkubwa na kiambo nyuma yake, magharibi, pwani.

Kibla hapa ni kaskazini. Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Mombasa, hivyo anayeelekea kusali anaelekea huko, na mwandishi wa hati hakuhitaji dira. Suheli ni kusini, kwa jina la nyota inayoonekana upande huo na ambayo manahodha waliifuata. Matlai ni kunakochomoza jua. Kijana mmoja aliwahi kunionyesha mchoro aliouchora kutokana na hati ya babu yake. Alikuwa ameiweka kibla mashariki kwa kuwa katika kitabu fulani alisoma kwamba Waislamu husali wakielekea mashariki. Shamba lote lilikuwa limegeuka robo mzunguko na bahari imeingia nchi kavu. Tulipoigeuza karatasi yake, njia ya kisimani ikakaa mahali pake.

Majirani wanaotajwa ni hazina kuliko mipaka yenyewe. Kila jirani naye alikuwa na hati, na katika hati yake babu yako ndiye jirani. Ukipata hati tatu za watu waliopakana, unaweza kuzifunganisha kama vipande vya chungu kilichovunjika, hata kama mwembe ulikatwa zamani na kisima kiko chini ya bohari la makontena.

Angalia fedha, kwani fedha hutoa tarehe hata pale ambapo tarehe imeliwa na mchwa. Bei ikiwa kwa riale, uko karne ya 19 au mwanzoni kabisa mwa ile iliyofuata. Rupia hukuleta enzi ya kampuni ya Waingereza iliyotangulia serikali yao, na ya serikali hiyo yenyewe. Ukikuta florini, shangilia, maana florini ya Afrika Mashariki ilitoka 1920 na mwaka uliofuata ikaondolewa njiani na shilingi. Hati yenye florini imejitajia umri wake.

Tarehe yenyewe ni ya Hijria. Mwaka 1326, kwa mfano, ulianza Februari 1908, kwa hiyo hati ya 1325 huwa imeandikwa kabla sheria ile haijaanza. Miezi nayo inaweza kutajwa kwa hesabu yetu wenyewe ya mifunguo: mfunguo mosi ni Shawwali, mfunguo sita ni mwezi wa Maulidi. Mfasiri asiyekulia Pwani ataandika "mwezi wa sita" na wewe utaitafuta daftarini chini ya Juni bila kuipata.

Kisha soma aina ya mauzo. Neno dogo "khiyari" limewadhulumu wengi. Riba ni haramu, lakini watu walihitaji kukopa, wakatumia bei khiyari. Tuseme mtu anahitaji riale 200. Anamuuzia mkopeshaji shamba lake kwa riale 200, kwa sharti kwamba akirudisha fedha hizo ndani ya muda fulani shamba linarudi kwake. Wakati huo anabaki shambani na kulipa kodi, na kodi hiyo ndiyo faida ya mkopeshaji. Anayeisoma hati leo kwa haraka ataona mauzo, na kuhitimisha kwamba babu aliuza. Babu alikopa. Kama alilipa, lazima iwepo hati ya pili ya kurudisha, nayo huenda iko katika sanduku la upande wa pili. Kama hakulipa, hapo ndipo shamba lilipohama kweli. Mashamba mengi ya Pwani yalipita kwa njia hii mikononi mwa wakopeshaji matajiri.

Sifa ya jina nayo isikupite. Mtu haandikwi Salim tu; anaandikwa Salim bin fulani, kisha nisba: el-Mazrui, el-Mandhry, el-Kilindini, el-Changamwi. Nisba hukuambia mlango na mara nyingi mtaa. Wengine waliandikwa huru wa fulani, yaani aliyeachwa huru na huyo, na kwa watafutaji wengi wa asili huo ndio mstari pekee kwenye karatasi unaomtaja bibi mkuu wao. Usione haya kuusoma. Mtu aliyetoka utumwani akanunua kiwanja na kukiandikisha kwa kadhi alikuwa na akili ya kujua karatasi ingemlinda.

Wanawake wamejaa katika hati hizi kuliko wengi wanavyotarajia. Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa 1979, aliwaonyesha wakimiliki nyumba na mashamba, wakinunua na kuuza. Sababu moja ni mirathi. Mwanamume akifa akaacha mke, mwana wa kiume mmoja na mabinti wawili, mke anapata thumuni, na kilichobaki wanagawana watoto, wa kiume sehemu mbili kwa moja ya kila binti. Ukigawa shamba mafungu 32, mke ana 4, mwana 14, kila binti 7. Watatu kati ya wanne hao ni wanawake. Akifa mmoja wao, fungu lake linagawanyika tena, na baada ya vizazi vitatu unaweza kumkuta mwenye sehemu ndogo isiyotosha kitanda. Cheti kikitoka kwa jina la yule mwana peke yake, jiulize mafungu 18 yalikwenda wapi. Mara nyingine yalinunuliwa kwa halali. Mara nyingine kaka ndiye aliyekwenda ofisini.

Kuna jambo la Pwani ambalo sheria nyingi za nje zilishindwa kulimeza: ardhi ni ya mmoja, kilicho juu yake ni cha mwingine. Mnazi una mwenyewe na shamba lina mwenyewe. Nyumba ni ya huyu, kiwanja ni cha yule, na kodi ya ardhi inalipwa kila mwezi. Cheti cha maslahi kilijaribu kulibeba jambo hilo. Majengo na vitongoji vingi vya bara vimejengwa kwa utaratibu huu, nyumba bila ardhi, na mwenye nyumba anayefukuzwa leo huambiwa hana hati. Hati huenda anayo, ila ni ya nyumba, au ya minazi kumi na mmoja. Ukikuta karatasi ya kununua minazi, usiitupe kwa kuwa haitaji ardhi. Inataja nani alikuwepo, wapi, na alikubalika na nani.

Kazi ya kuhakiki madai ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1920 bila kufika kila mahali, na vyeti vilivyokwisha tolewa vikaganda. Mnamo Oktoba 1963, ilipokubaliwa ukanda uunganishwe na Kenya, moja ya ahadi zilizoandikwa ilikuwa kwamba hati za umiliki kamili zilizosajiliwa Pwani zitaendelea kutambuliwa. Ahadi hiyo iliwatuliza wenye vyeti. Walionyamaza katika ile miezi sita hawakutajwa.

Turudi Kibarani, kwenye ule mpaka wa nne wa hati: magharibi, pwani. Mwandishi aliyeandika neno hilo hakuona haja ya kipimo, kwani bahari haihamishwi. Hapa imehamishwa. Tuta la Makupa lilizuia maji yasipite kati ya Tudor na Kilindini, hadi mwaka 2022 daraja jipya lilipofunguliwa na mkondo ukapata njia tena. Kwa miongo kadhaa taka zilimwagwa ukingoni, zikashindiliwa, zikawa nchi kavu. Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Lakini maji yaliyojaa mwaka gani?

Nilisimama pale mara ya mwisho wakati wa bamvua, maji yakiwa juu kabisa. Chini ya miti michanga, pale udongo ulipomomoka, tabaka la jalala lilikuwa wazi: mifuko ya plastiki, kandambili, vigae vya vikombe, na chini kabisa, ndani ya maji, mizizi ya mkoko iliyokufa ikiwa bado imesimama. Mikoko huota ukingoni, maji yanapofika na kurudi. Nikahesabu hatua kutoka kwenye mizizi ile hadi kwenye kigingi cha saruji kilichokuwa karibu, chenye nambari mpya kabisa iliyopakwa rangi nyekundu. Zilikuwa arubaini na tatu. Nikaziandika kwenye daftari langu, pamoja na tarehe, ya Hijria na ya kawaida.